Safari za meli za kitalii: Jinsi ya kuchagua bahari, msimu na ratiba

WATU wengi wanaoamua kutumia likizo yao katika meli ya kitalii huanza kwa kuichagua meli. Huvutiwa na picha za vidimbwi vya kuogelea, kumbi za maonyesho na meza zilizosheheni vyakula, kisha huuliza bei. Swali la kwamba meli hiyo inakwenda wapi, kwa msimu gani, na inakaa saa ngapi katika kila bandari huja mwishoni, pengine baada ya pesa kulipwa.

Utaratibu huo ni wa miguu juu kichwa chini. Vyumba, vyakula na burudani za kampuni kubwa za meli hufanana mno. Kinachotofautisha safari moja na nyingine ni njia inayofuatwa na wakati wa mwaka inapofuatwa.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alilijua hili kwa gharama kubwa. Yeye na mkewe walikuwa wameweka akiba kwa miaka kadhaa ili waadhimishe miaka 30 ya ndoa yao kwa safari ya siku nne katika visiwa vya Ugiriki. Wakala aliyewauzia tiketi aliwaeleza kwa kirefu habari za chumba na chakula. Hakuwaambia kwamba siku ya pili meli ingetia nanga Kuşadası, nchini Uturuki, ili abiria wazuru magofu ya Efeso. Viza yao ya nchi za Schengen iliruhusu kuingia mara moja tu. Walipofika katika bandari ya Piraeus walifahamishwa kwamba wakishatoka Ugiriki na kuingia Uturuki hawangeweza kurejea, na kwa sababu hiyo hawangeruhusiwa kupanda. Walikaa hotelini karibu na bandari siku zote nne, wakitazama meli za wengine ziking'oa nanga. Nauli haikurejeshwa.

Kosa hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi katika ratiba, katika mstari wa pili. Hakuna aliyeusoma.

Msimu kwanza

Wahenga wetu wa pwani hawakuhitaji kufunzwa kwamba safari ya bahari huanza na msimu. Majahazi kutoka Oman, Ghuba na India yalisukumwa na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakangoja kusi iyarejeshe makwao. Meli za leo zina injini na hazingoji upepo, lakini bado huhama kufuata majira. Wakati wa baridi ya kaskazini mwa dunia nyingi hukusanyika Karibea. Kunapopambazuka majira ya joto, huelekea bahari ya Mediterania, Norway na Alaska.

Uhamaji huu una faida kwa mnunuzi mwangalifu. Kila Aprili meli kadhaa huvuka Atlantiki kutoka Karibea kwenda Ulaya, na karibu na Oktoba hurudi. Safari hizo za kuhama huuzwa kwa bei nafuu kwa kila usiku, kwa kuwa kampuni ingelazimika kuihamisha meli hata ikiwa tupu. Lakini abiria hupitisha siku sita au saba mfululizo bila kuona nchi kavu. Anayependa kusoma vitabu na kulala atafurahi. Mwenye watoto wadogo, au mwenye tumbo lisilovumilia mawimbi, afikirie tena.

Karibea

Hili ndilo soko kubwa kuliko yote, na mji wa Miami ndio lango lake kuu. Kwa desturi njia zake hugawanywa mara tatu. Njia ya mashariki hupita Bahama, San Juan katika Puerto Rico, St. Thomas na St. Maarten, hii ni njia ya fukwe na maduka yasiyotoza ushuru. Njia ya magharibi huenda Cozumel nchini Mexico, Jamaica, visiwa vya Cayman, Belize na Roatán katika Honduras. Hapo kuna magofu ya Wamaya na miamba ya matumbawe inayosifika miongoni mwa wapiga mbizi. Njia ya kusini hufika Barbados, St. Lucia, Grenada, Curaçao na Aruba. Meli nyingi za njia hii huanzia San Juan au Bridgetown badala ya Florida, kwani visiwa hivyo vi mbali, na kuanzia Miami kungemeza siku nyingi za bure baharini.

Kwa maoni yangu, njia ya kusini ndiyo bora kwa msafiri anayetaka kuona nchi na watu wake. Visiwa vyake vimekaribiana, hivyo meli husafiri usiku na kuamkia bandari mpya takriban kila siku. Katika njia ya mashariki ni rahisi kurudi nyumbani ukikumbuka maduka ya vito pekee.

Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Bei hushuka miezi hiyo, na sababu yake ndiyo hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica kwa nguvu za daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa. Meli yenyewe ni nadra kudhurika, maana nahodha huona tufani ikija siku kadhaa mapema na kuikwepa. Kinachodhurika ni ratiba. Mkataba wa tiketi, ule unaochapishwa kwa herufi ndogo, huipa kampuni ruhusa ya kubadilisha au kuruka bandari yoyote, na kwa kawaida abiria hurudishiwa ada ya bandari hiyo tu. Aliyelipia safari kwa ajili ya kisiwa kimoja mahsusi asisafiri Septemba.

Jambo jingine la kuchunguza ni visiwa na fukwe za faragha zinazomilikiwa au kukodishwa na kampuni za meli. Bandari kama CocoCay katika Bahama huhesabiwa katika ratiba sawa na mji, ilhali ni ufuo uliotengenezwa kwa ajili ya abiria wa kampuni hiyo. Ni mahali pazuri pa kuogelea, lakini asiyejua hudhani anazuru Bahama yenyewe. Labadee, ufuo wa namna hiyo ulioko Haiti, umeondolewa katika ratiba zaidi ya mara moja tangu 2024 kutokana na ghasia nchini humo.

Alaska

Safari za Alaska hufanyika zaidi kati ya Mei na Septemba. Anayekwenda huko hafuati joto bali milima, nyangumi na mito ya barafu inayomeguka na kuporomoka baharini kwa kishindo. Bandari zinazotajwa sana ni Ketchikan, ambako mvua hunyesha siku nyingi kuliko zisizonyesha. Juneau, mji mkuu wa jimbo. Na Skagway, ambako wachimbaji wa dhahabu walimiminika mwaka wa 1898 na ambako reli iliyojengwa kwa ajili yao bado hupandisha watalii milimani.

Meli huondoka ama Seattle nchini Marekani au Vancouver nchini Kanada, na tofauti hiyo si ndogo. Zinazotoka Vancouver hupita katika mfereji wa asili kati ya visiwa na bara, ambako maji ni matulivu. Zinazotoka Seattle mara nyingi hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, katika bahari wazi, na msukosuko wake huhisiwa. Aidha, sheria ya Marekani ya mwaka wa 1886 hukataza meli za kigeni kusafirisha abiria kutoka Marekani na kuwarejesha humo bila kupitia nchi nyingine. Kwa kuwa meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahama, Panama, Malta au Bermuda, zile za Seattle hulazimika kutua Victoria, Kanada, mara nyingi jioni na kwa saa chache tu. Mkenya anayesafiri njia hii anahitaji viza ya Kanada kwa ajili ya saa hizo chache, na ya Marekani inayomruhusu kurudi.

Ukisoma ratiba ya Alaska tafuta jina la Glacier Bay. Hifadhi hiyo hairuhusu meli za kitalii zaidi ya mbili kwa siku, na vibali vimegawanywa kwa kampuni chache. Meli nyingine hupelekwa kwenye mito mingine ya barafu, kama vile Hubbard, ambao nao ni mkubwa na wa kutisha. Hakuna ubaya, mradi ujue unachokinunua. Mji wa Juneau nao ulikubaliana na kampuni za meli kwamba kuanzia 2024 meli kubwa zisizidi tano kwa siku.

Mediterania

Hapa ndipo saa za ratiba zinapohitaji kusomwa kwa makini kuliko popote. Vijitabu vya matangazo huandika 'Roma', lakini Roma haina bandari ya meli hizi. Meli hufunga gati Civitavecchia, yapata kilomita 80 kutoka jijini. 'Florence' maana yake ni Livorno, na 'Athens' ni Piraeus, ingawa huyo wa mwisho uko karibu na jiji.

Tufanye hesabu. Meli inafika Civitavecchia saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Kushuka na kufika katika stesheni ya gari la moshi huchukua karibu saa nzima, na gari lenyewe saa moja na ushei. Abiria hutakiwa kuwa ndani ya meli angalau nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Ukiondoa muda wa kurudi na wa tahadhari, Roma ya miaka zaidi ya 2,000 imebaki na saa tano hivi. Anayetamani kuiona Roma na ashuke huko mwisho wa safari, akae siku tatu. Mji wa kupitia kwa meli ni kama Valletta, ambako unashuka na kujikuta karibu kabisa na kuta za kale.

Ieleweke pia kwamba meli haimngoji aliyechelewa. Anayekwenda na basi lililoandaliwa na meli husubiriwa basi hilo likikwama, lakini aliyekwenda kivyake hujitafutia njia ya kuifuata bandari inayofuata. Na saa hizo huandikwa kwa hesabu ya Kizungu, 08:00 hadi 17:00. Kadhalika, saa ya meli huweza kutofautiana na saa ya nchi kavu. Fuata ya meli.

Baadhi ya bandari hazina gati linalotosha meli kubwa. Santorini ni mfano mashuhuri. Meli hutia nanga nje, abiria hushushwa kwa mashua, kisha hupanda jabali kwa kigari cha nyaya, kwa punda, au kwa ngazi zinazokaribia 600. Meli kadhaa zikifika pamoja, foleni ya kigari hicho huweza kumaliza asubuhi nzima. Anayetembea kwa mkongojo au kiti cha magurudumu ahesabu ni bandari ngapi katika ratiba zinazotumia mashua, maana bahari ikichafuka hizo ndizo za kwanza kufutwa.

Sheria nazo zimebadilika. Tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice, hivyo 'Venice' ya ratiba huenda ikawa bandari iliyo mbali na mji huo. Ugiriki ilianza Julai 2025 kutoza abiria wa meli ada ya kushuka, inayofika euro 20 katika Santorini na Mykonos msimu wa kilele.

Miezi bora ni Mei, Juni, na mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti joto huwa kali, na msongamano huchosha hata aliyezoea kushindania matatu jioni.

Norway, kwa kifupi

Ghuba nyembamba za Norway zilizochongwa na barafu ya kale hutembelewa zaidi Mei hadi Septemba. Meli kubwa hutoka Southampton au bandari za Ujerumani. Mimi ningechagua meli za pwani kati ya Bergen na Kirkenes, huduma iliyoanza 1893 na ambayo hutua katika bandari 34 kwa safari ya siku 12 kwenda na kurudi. Hizo hubeba mizigo na wenyeji pamoja na watalii. Hazina kumbi za maonyesho. Anayetaka jua lisilotua aende Juni. Anayetaka miale ya rangi angani usiku aende kati ya mwisho wa Septemba na Machi, ajifunike.

Bahari yetu

Wazee wa Mombasa wanazikumbuka Karanja na Kampala, meli zilizounganisha pwani hii na Bombay. Kilindini ni bandari ya kina kirefu, na katika miaka ya karibuni imejengewa kituo maalumu cha abiria wa meli za kitalii. Wengi wao hufika wakiwa njiani kati ya Zanzibar, Shelisheli, Nosy Be katika Madagascar na Morisi.

Ramani ya bahari hii, hata hivyo, huchorwa na usalama kuliko na upepo. Mnamo Novemba 5, 2005, meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa kwa bunduki na makombora na maharamia karibu na Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Iliponyoka na kugeukia Shelisheli. Aprili 2009 meli nyingine, Melody, ilishambuliwa kaskazini mwa visiwa hivyo. Kampuni nyingi ziliondoa Mombasa katika njia zao, na waliokosa riziki ni wachonga vinyago, madereva wa teksi na waongozaji wa Fort Jesus, ambao hawakuwahi kumwona haramia. Ilipoanza kuonekana kwamba hali imetulia, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu kuanzia Novemba 2023 yalisababisha safari za kupitia mfereji wa Suez kufutwa au kuzungushwa Rasi ya Tumaini Jema. Anayenunua safari yoyote inayopita Bahari ya Shamu aulize kwa maandishi ni njia ipi itafuatwa iwapo hali itaharibika.

Kuhusu hali ya hewa, vimbunga vya Bahari Hindi hupiga Morisi, Réunion na Madagascar kati ya Novemba na Aprili. Pwani ya Kenya, kwa kuwa karibu na ikweta, huepuka takriban vyote. Msafiri wa Afrika Mashariki anaweza pia kuangalia safari fupi zinazoanzia Durban kwenda fukwe za Msumbiji kama Pomene.

Mto Nile

Kwa Mkenya anayesafiri kwa mara ya kwanza, pendekezo langu ni Misri. Ndege kutoka Nairobi hadi Cairo huchukua takriban saa tano, mto hauna mawimbi ya kumtapisha mtu, na maji yenyewe kwa sehemu yametoka ziwa letu. Meli za mtoni husafiri kati ya Luxor na Aswan, umbali wa kilomita zipatazo 200. Kutoka Aswan kuteremka ni usiku tatu, kutoka Luxor kupanda ni usiku nne, na vituo ni vilevile: hekalu la Horus huko Edfu, hekalu la miungu wawili Kom Ombo, na malango ya maji ya Esna ambako meli hupanga foleni.

Ratiba ya kupanda huwa na siku zaidi katika Luxor, penye Karnak na Bonde la Wafalme. Ikiwa hayo ndiyo shabaha yako, usinunue ya usiku tatu kwa kuokoa pesa kidogo. Uliza pia iwapo Abu Simbel imo katika bei. Mahekalu hayo, yaliyokatwa na kuhamishwa kati ya 1964 na 1968 yasimezwe na maji ya bwawa la Aswan, yako karibu kilomita 280 kusini, na wageni huondoka kwa basi kabla ya alfajiri. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Julai kipimajoto hupita nyuzi 40. Usilipie zaidi chumba chenye mandhari, kwa sababu meli hufungwa ubavu kwa ubavu ukingoni, na dirisha lako huweza kutazamana na jiko la jirani.

Pasipoti na gharama

Orodhesha kila nchi katika ratiba, kisha hesabu unaingia mara ngapi katika kila moja. Safari ya Karibea kutoka Miami ni kutoka na kuingia Marekani upya. Katika bahari ya Adria, Croatia iliingia Schengen Januari 2023, lakini Montenegro, yenye bandari ya Kotor, haimo. Kupita hapo na kurudi Italia kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Anayeanzia Southampton kwenda Norway atahitaji viza ya Uingereza na ya Schengen. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani nchi nyingi huwadai wanaotoka Kenya.

Bei inayotangazwa ni ya kila mtu katika chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake huweza kutozwa karibu maradufu. Ongeza bahashishi inayotozwa kila siku, vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini na nauli ya ndege, na kamwe usifike kwa ndege siku ileile meli inapoondoka. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu achukue chumba cha chini, katikati ya meli. Ndicho kinachotikisika kidogo, na mara nyingi ni cha bei rahisi.

Jirani yangu na mkewe walisafiri hatimaye, Januari, kutoka Luxor hadi Aswan. Safari hii Mwalimu aliisoma ratiba mwenyewe, akiwa na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kila mji. Mkewe hasemi mengi kuhusu mahekalu. Husimulia habari za asubuhi moja kabla ya Kom Ombo, walipokuwa wameketi kwenye sitaha na chai, na wanawake wakifua nguo ukingoni wakanyanyua mikono kuwasalimu.